Waifai inakata ukiwa laivu? Usikimbilie kuongeza kifurushi

Mabosi wa biashara za mtandaoni, hili linatesa wengi. Ruta ipo sebuleni, mzigo upo chumba cha mwisho. Umeingia laivu, hata dera la tatu hujaonyesha, picha inaganda. Mteja anauliza bei, kimya. Anahamia kwa muuzaji mwingine. Kabla hujalipia kifurushi kikubwa, pitia haya. Mengi hayana gharama.

1. PIMA KWANZA
Simama karibu na ruta, fungua fast.com kwenye simu, andika kasi unayopata. Bonyeza maelezo zaidi uone na kasi ya kupakia, maana ukiwa laivu wewe ndiye unayetuma video. Sasa nenda chumba cha mzigo, pima tena. Kama hata pale kwenye ruta kasi ni ndogo, shida ni kifurushi au kampuni, wapigie. Kama sebuleni ipo poa ila chumbani inashuka, mawimbi hayafiki. Hapo ukiongeza kifurushi unatupa hela.

2. HAMISHA RUTA
Wengi tunaificha nyuma ya TV, kabatini au chini sakafuni. Itoe. Iweke juu, pawe wazi, karibu na katikati ya nyumba. Ukuta wa zege, mabati, kioo kikubwa cha kujitazamia, friji na tanki la maji vyote vinakula mawimbi. Kama ruta yako inatumia laini ya simu, iweke karibu na dirisha, kwa sababu yenyewe nayo inatafuta mnara. Jaribu madirisha tofauti, kila mara pima.

3. CHAGUA BENDI SAHIHI
Ruta nyingi za sasa zina bendi mbili: gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 2.4 inafika mbali na inapenya kuta vizuri, ila kasi yake ni ndogo. Ya 5 ina kasi, ila kuta zinaichosha haraka. Ukiwa chumba kimoja na ruta tumia 5, ukiwa mbali jaribu 2.4. Angalizo: jina la waifai likiishia na "5G", hiyo siyo 5G ya mtandao wa simu. Ni bendi tu.

4. BADILI CHANELI
Kwenye nyumba za kupanga, ruta za majirani zinagombania njia moja. Anwani ya kuingia kwenye mipangilio, mara nyingi, imeandikwa chini ya ruta. Kwenye 2.4 chagua chaneli 1, 6 au 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Hapo hapo badili na nywila, usije ukawa unalipia mtaa mzima. Na maikrowevu isiwashwe ukiwa laivu, inavuruga bendi ya 2.4.

5. BADO? SASA TOA HELA
Kifaa cha kurudia mawimbi (ripita) ni rahisi kununua, ila wengi wanakichomeka kwenye chumba kile kile chenye shida. Kosa! Kama mawimbi hayafiki, kitarudia nini? Kiweke katikati ya safari, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu. Jua pia kwamba ripita ya bendi moja inaweza kupunguza kasi hadi nusu.

Njia ya uhakika zaidi ni waya. Vuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi chumba cha mzigo, unaweza kufika mita 100. Mwishoni funga ruta ya pili, hata ile ya zamani iliyolala kabatini, mwambie fundi aiweke iwe ya kusambaza mawimbi tu.

Fanya hatua moja, pima, ndipo uende inayofuata. Na fanya leo, usisubiri saa ya laivu wateja wakiwa wameshajaa.

Mtumie na mwenzako anayeuza mtandaoni.