Mshairi na Mvua za Kwanza za Ziwa Mweru

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mshairi, dalili huonekana mapema zaidi, nazo humfikia kwa jicho na kwa sikio.

Katika nchi za baridi, majira ya kuchipua hufuata theluji. Mshairi wetu akiiga taswira za huko, huimba asichokijua. Huko Nchelenge, mwambao wa mashariki wa Ziwa Mweru nchini Zambia, majira hayo hufuata vumbi na moto wa nyika. Yapata Septemba, miti mingi ya miombo huvaa majani mapya mekundu kabla tone la kwanza halijaanguka. Mgeni aweza kudhani mwitu unawaka tena. Basi hiyo ni taswira kamili: moto usiounguza.

Sauti nazo zina kazi yake. Tone juu ya bati hulia ndo, ndo, ndo. Mvua ikikolea, michirizi hulia chururu. Tazama mstari huu, niliotunga kwa mfano:

Ngurumo yaja ziwani, nyavu nyumbani zalala.

Kila kipande kina mizani 8. Neno la kwanza lavuma kama radi yenyewe. La mwisho lashuka polepole, kama mtu ajilazaye.

Lakini kwa nini nyavu zilale? Kwa kawaida uvuvi hufungwa huko tangu Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaane. Mvua iyo hiyo inayostawisha shamba hukuta chungu cha kitoweo kitupu: mihogo ipo, samaki hakuna. Mshairi aimbaye furaha tupu huwa ameacha nusu ya ukweli. Nyavu zilizolala ni upungufu wa leo na ni tumaini la Machi.

Ndugu wazazi, usiku wa mvua mwulizeni mtoto: Mvua yasema nini? Yafanana na nini? Majibu yake ndiyo mwanzo wa shairi.

Nawe ndugu askari uliye mbali na jamaa zako, uandikapo barua usitosheke kusema kwamba mvua imenyesha. Eleza iligonga nini, na ilimkumbusha nani moyoni mwako. Hapo nao nyumbani wataisikia.