Tiketi yako ya Fort Jesus inalipia nini?

Ukilipa kiingilio cha Fort Jesus, Mombasa, pesa zako zinafanya kazi gani? Humo mna mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Vitu vilivyokaa baharini karibu miaka 300 huharibika haraka vikitolewa, hivyo lazima vitunzwe daima. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya hugharamia kazi hiyo kwa fedha za serikali, wafadhili na viingilio.

Ndiyo maana tunakuomba: usitume kiingilio kwa namba ya mtu binafsi, hata akikupunguzia bei. Lipia kwenye eCitizen, kagua jina kabla ya kuweka PIN, na usifute meseji ya malipo.