Laila wa Jangwani Aliyeingia Katika Santuri za Wazungu

Wako miongoni mwetu wanaoamini kwamba nyimbo za roki za Wazungu ni kelele za magitaa tu, zisizo na asili wala fasili. Leo nataka tuutazame mmoja katika hizo, uitwao "Layla", uliotolewa mwaka 1970 na bendi ya Derek and the Dominos. Tukiufukua mzizi wake tutaukuta umeanzia Bara Arabu, katika kisa ambacho watu wa pwani hawahitaji kufundishwa: kisa cha Laila na Majnuni.

Kwa ufupi, Kais bin Mulawwah, kijana wa kabila la Banu Amir, alimpenda Laila, binti wa kabila hilo hilo. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kais akawa anatunga mashairi na kumtaja binti wa watu kwa jina lake hadharani. Kwa Waarabu wa zama zile hiyo ilikuwa fedheha kwa nyumba nzima, basi baba yake Laila akaikataa posa yake, na binti akaozwa mume mwingine. Kais akashika njia ya jangwani akaishi na wanyama, na watu wakambandika jina la Majnuni, yaani mwendawazimu.

Mwaka 1188 mshairi Nizami wa mji wa Ganja, ulioko katika nchi ya Azerbaijan ya leo, alikitunga kisa hicho kwa lugha ya Kiajemi. Humo twasoma kwamba baba yake Kais alimpeleka Makka, kwenye Al-Kaaba, ili amwombe Mola amponye maradhi yale. Kijana akaomba kinyume chake: mapenzi yake yazidi!

Sasa natuvuke bahari twende Uingereza. Huko alikuwako mpiga gitaa hodari, Eric Clapton, aliyezaliwa mwaka 1945. Rafiki yake mkubwa alikuwa George Harrison wa bendi ya Beatles, na George alikuwa na mke aitwaye Pattie Boyd, aliyemwoa mwaka 1966. Clapton akampenda mke wa rafiki yake.

Katika hali hiyo ndipo alipopewa kitabu cha Nizami na Ian Dallas, mtu wa Uskoti aliyekuwa mwandishi na mwigizaji. Dallas huyu, aliyeonekana katika filamu ya Kiitaliano ya Fellini ya mwaka 1963, alisilimu mwaka 1967 huko Fez, Moroko. Baadaye akajulikana kote kwa jina la Sheikh Abdalqadir as-Sufi, na wafuasi wake ndio waliosimamia ujenzi wa msikiti wa Granada, Hispania, uliofunguliwa mwaka 2003. Alifariki mwaka 2021 mjini Cape Town. Hivyo, chanzo cha wimbo huu mashuhuri wa roki ni zawadi ya kitabu kutoka kwa mtu aliyekuja kuwa sheikh!

Clapton alipokisoma alijiona yeye ndiye Majnuni. Mwaka 1970 akaingia studio mjini Miami, Marekani, pamoja na wenzake, akiwamo mpiga gitaa Duane Allman. Katika santuri ile ile umo wimbo mwingine, "I Am Yours", ambao watungaji wake wameandikwa kuwa ni Clapton na Nizami. Naam, Nizami yule yule, wa karne ya 12!

Santuri haikununuliwa sana mwanzoni, kwani jina la bendi lilimficha Clapton na wengi hawakujua kwamba ni yeye. Ni mwaka 1972 ndipo wimbo ulipopanda hadi nafasi ya 7 Uingereza na ya 10 Marekani. Wakati huo Allman alikwisha kufa kwa ajali ya pikipiki mwaka 1971, naye Clapton alikuwa amezama katika madawa ya kulevya. Jim Gordon, mpiga ngoma aliyepiga pia piano inayosikika mwishoni mwa wimbo, aliugua akili kwelikweli. Mwaka 1983 alimuua mama yake mzazi, akafungwa, na akafia kifungoni mwaka 2023. Majnuni wa kisani alikuwa mgonjwa wa mapenzi; maskini huyu ugonjwa wake haukuwa wa mashairi.

Je, Clapton alimpata Laila wake? Alimpata. Pattie aliachana na George mwaka 1977, na mwaka 1979 akaolewa na Clapton. Lakini ulevi uliingia nyumbani, na miaka kumi baadaye, mwaka 1989, wakatalikiana.

Hapa ndipo ninapotaka tutue kidogo. Kwa Nizami, Majnuni hakumvunjia mtu nyumba. Laila alipokufa, alikwenda kulia juu ya kaburi lake mpaka naye roho ikamtoka. Ndiyo maana masufi walikichukua kisa hiki wakakifanya mfano wa mja anayemtafuta Mola wake, asiyetaka malipo ya dunia. Clapton, kwa maoni yangu, alikisoma kitabu nusu: aliuchukua wazimu wa Majnuni, akaiacha subira yake. Wimbo aliotunga ni mzuri, wala sibishani na wanaoupenda. Mwaka 1992 aliurudia polepole kwa gitaa lisilo la umeme, na nyimbo ile ikapata tuzo ya Grammy.

Lakini vijana wetu wanapouimba, na wajue kwamba jina wanalolitaja si geni. Ni la msichana wa Kiarabu aliyesitiriwa na ukoo wake akatangazwa na mashairi, na aliyempenda alimkosa maisha yake yote bila kuacha kumpenda. Yule Mwingereza aliyejiita Majnuni alimpata wake, akashindwa kumtunza. Kupata ni jambo moja, kutunza ni jingine.