Chapati za Maji Bila Ngano

Kila tunapokutana kwa mwenzetu anayekaa Farsta, kusini mwa Stockholm, tunapika chapati. Na kila mara mmoja wetu, ambaye mwili wake haupokei ngano, huishia kula maharage matupu huku akisema ameshiba. Safari hii tukaona haya.

Tulinunua unga wa bovete. Alipoiona pakiti alisita, kwa kuwa vete kwa Kiswidi ni ngano. Tukamwonyesha neno glutenfri. Jina linadanganya tu: bovete si ngano kabisa, ni jamaa ya rubabu. Watu wa Bretagne, Ufaransa, huutumia unga huu kupika galette, chapati nyembamba zinazofanana sana na chapati zetu za maji.

Tulikoroga unga gramu 250, maji nusu lita, yai 1 na chumvi kidogo, tukauacha mchanganyiko utulie saa 1. Kikaango tulikisugua vizuri kwanza, kisibaki na chembe ya ngano. Chapati ya kwanza ilikatika; tuliigeuza mapema. Subirini kingo zikauke na kuanza kunyanyuka zenyewe.

Juu tulimwagia rojo la blåbär, matunda madogo ya buluu tuliyochuma msituni mwezi Agosti. Uswidi kila mtu ana haki ya kuchuma matunda mwitu. Tulichemsha gramu 300 kwa sukari vijiko 3 na maji ya limau, dakika 10.

Mwenzetu alikula chapati 4, akaomba ya 5. Siku hiyo hakusema ameshiba.