Mto Ukijaa, Usishindane Nao

Ndugu mkulima wa bonde la Rufiji, leo tuzungumze juu ya mafuriko. Maji ya mto wako hayatokani na mvua ya kijijini kwako tu. Rufiji hupokea maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu. Basi hata kwako jua likiwaka, mto waweza kujaa. Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba huko Rufiji na Kibiti.

Fanya hivi. Chomeka mti wenye alama ukingoni, uutazame asubuhi na jioni. Sikiliza redio, hasa ikitangazwa kuwa Bwawa la Julius Nyerere linafungulia maji. Ukiona mto unapanda upesi na kuleta magogo, usingoje. Hamisha watoto, wazee na mbegu, mwende mwinukoni njia ingali kavu. Dungu si kimbilio. Nguzo zake huweza kung'olewa. Usivuke maji yaendayo kasi, hata ya kifundoni: sentimita 15 zaweza kumwangusha mtu mzima. Tena mamba hufuata maji hadi mashambani. Ya kunywa yachemshe.

Mpunga utapandwa tena, ndugu; mtu hapandwi.