Somo la Redio: Silinda Zinazopumzishwa

Somo letu la leo lahusu injini ya motokaa. Tutajifunza jinsi inavyoweza kupumzisha baadhi ya silinda zake, ipate kula petroli kidogo.

Silinda ni tundu la mviringo ndani ya injini. Humo pistoni hupanda na kushuka. Hewa na petroli huingia kwa mlango uitwao valvu. Plagi hutoa cheche, petroli huwaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu. Moshi hutoka kwa valvu nyingine.

Haya, tuchukue motokaa yenye silinda 8. Ikipanda mlima na mzigo, silinda zote zahitajiwa. Lakini kwenye tambarare, kwa mwendo wa taratibu, nguvu inayotakiwa ni ndogo. Dereva hulegeza mguu, na mlango wa hewa ya injini hufungwa karibu wote. Basi pistoni zote 8 huvuta hewa kwa shida, kama mtu anywaye uji kwa mrija mwembamba. Taabu hiyo hula petroli bure.

Dawa yake ni kupumzisha silinda 4. Petroli yake hukatwa, na valvu zake zote hufungwa. Hewa iliyofungiwa ndani hubanwa pistoni ikipanda, kisha huisukuma ikishuka, mfano wa springi. Silinda 4 zilizobaki hufanya kazi zaidi. Kwa hiyo mlango wa hewa hufunguliwa zaidi, na ile taabu ya kuvuta hupungua.

Mwaka 1981 kampuni ya Cadillac ya Marekani iliuza motokaa ambazo injini yake iliweza kutumia silinda 8, 6 au 4. Lakini kompyuta za siku zile zilikuwa nzito, injini ikawa yashtuka-shtuka, na wenyeji wengi wakataka mtambo huo ukatwe. Baadaye kompyuta zikawa nyepesi. Mwaka 2012 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kuuza motokaa ndogo ya silinda 4 iwezayo kupumzisha 2.

Je, mtu aweza kupata faida hiyo kwa kuchomoa waya wa plagi? La, hasha! Valvu zitaendelea kufunguka, na pistoni itaendelea kuvuta hewa na petroli. Petroli hiyo itatoka kwenye bomba la moshi bila kuwaka. Nyingine itaosha oili iliyo kwenye kuta za silinda, na pistoni itasagika. Mwenye kufanya hivyo apoteza petroli na injini pia.

Kama motokaa yako haina mtambo huo, jaza upepo kwenye magurudumu kwa kipimo chake, teremsha mizigo isiyo na kazi, na uendeshe kwa mwendo wa wastani.

Maswali
1. Valvu ina kazi gani?
2. Kwa nini silinda 8 hupoteza petroli kwenye tambarare?
3. Mweleze jirani yako hasara ya kuchomoa waya wa plagi.

Kwaherini mpaka somo lijalo.