MTEJA WAKO NI FUNDI? MWAMBIE HABARI ZA CHAMA

Wadau, mimi nauza chai na wali kwenye saiti za ujenzi hapa Dar. Madeni ya daftari langu yanalipwa pale tu fundi na saidia fundi wanapolipwa. Ndiyo maana nawaambia: jiungeni na chama cha wafanyakazi. Kwa watu wa ujenzi kipo TAMICO.

Faida zake:

✅ Muda wa ziada. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki. Zikizidi, malipo ni mara moja na nusu. Ukidai peke yako, kesho huitwi. Chama kinadai kwa niaba ya wote.

✅ Ajali. Mchango wa WCF analipa mwajiri, wewe hukatwi. Chama kinakusaidia kufuatilia fidia.

✅ Kufukuzwa. Una siku 30 tu kupeleka lalamiko CMA. Wengi wanachelewa kwa kutojua.

Ada inakatwa kwenye mshahara kwa fomu unayosaini mwenyewe, na sheria hairuhusu ufukuzwe kisa umejiunga.

Fundi akilipwa haki yake, na sisi daftari linafungwa. Mtumie mteja wako asome.